Njia ya Mwanasaikolojia wa Afya ya Akili ya Uzazi: Lugha kama Hatua Isiyofundishwa

Ikisiri

Makala haya yanafafanua njia anayoipitia mwanasaikolojia wa Afrika ya Mashariki hadi kufikia kuwahudumia wajawazito na wanawake waliojifungua karibuni wanaosumbuliwa na maradhi ya akili. Hoja kuu ni kwamba njia hiyo ina hatua moja ambayo haimo katika mitaala, nayo ni hatua ya lugha: mtaalamu hufunzwa ugonjwa kwa Kiingereza, kisha hukutana nao kwa Kiswahili au kwa lugha nyingine ya mama. Makala yanaanza na asili ya kipimo kinachotumika zaidi katika uwanja huu, ambayo sehemu yake iko Uganda, yanagusia masomo na usajili, kisha yanachambua kwa undani baadhi ya vipengele vya kipimo hicho vinapoingia katika Kiswahili. Inaoneshwa kwamba makosa ya tafsiri katika uwanja huu yanaweza kumfanya mama mgonjwa ahesabiwe kuwa mzima.

1. Utangulizi

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya wajawazito 100 duniani, 10 hivi hupata tatizo la akili, hasa sonona, na kwamba idadi hiyo hufikia 13 miongoni mwa waliotoka kujifungua. Katika nchi zinazoendelea makadirio ni ya juu zaidi: asilimia 15.6 wakati wa ujauzito na asilimia 19.8 baada ya kujifungua. Wataalamu wa afya huzinukuu takwimu hizi mara kwa mara. Wataalamu wa lugha huzinukuu kwa nadra, ingawa kila nambari iliyomo ilianza ikiwa sentensi: mtu alimuuliza mama swali kwa lugha fulani, na mama akajibu kwa namna alivyolielewa.

Mtu anayeuliza swali hilo, au anayemfundisha muuguzi jinsi ya kuliuliza, ndiye mhusika wa makala haya. Ni mwanasaikolojia tiba aliyejikita katika afya ya akili ya uzazi. Neno uzazi linatufaa hapa kuliko istilahi nyingi za kigeni, kwa kuwa Kiswahili kimeliweka juu ya eneo pana: kupata mimba, kuibeba, kujifungua, na kuwa mzazi. Tunasema uzazi wa mpango, wodi ya uzazi na afya ya uzazi bila kuhitaji mzizi mwingine. Mwanamke aliyejifungua juzi huitwa mzazi katika Kiswahili cha pwani, na wodi anamolazwa huitwa wodi ya wazazi hata kama hakuna baba hata mmoja ndani yake. Kwa hiyo afya ya akili ya uzazi inaweza kubeba yote ambayo taaluma hii inayashughulikia: sonona na wasiwasi wakati wa ujauzito, maradhi ya akili baada ya kujifungua, majonzi ya mimba iliyoharibika au mtoto aliyezaliwa akiwa mfu, na mateso ya kutopata mtoto.

2. Kasangati na Edinburgh

Kipimo kinachotumika zaidi duniani kutambua sonona ya wazazi kinaitwa kwa jina la mji wa Edinburgh. Kilichapishwa mwaka 1987 na John Cox, Jeni Holden na Ruth Sagovsky katika jarida la Uingereza la tiba ya akili. Kina vipengele kumi. Kila kimoja kinahusu siku saba zilizopita na hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, hivyo jumla ya juu kabisa ni 30. Kilipojaribiwa kwa akina mama 84, kilitambua asilimia 86 ya waliokuwa na sonona na kuwaacha nje kwa usahihi asilimia 78 ya wasiokuwa nayo.

Jambo linalosahaulika ni kwamba njia ya Cox kuelekea Edinburgh ilipitia Uganda. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 daktari huyo wa magonjwa ya akili alifanya utafiti katika kituo cha afya cha Kasangati, kaskazini mwa Kampala, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1979 katika makala kuhusu wanawake 263 wa Uganda. Mwaka huohuo alitoa makala nyingine kuhusu amakiro, jina la Kiganda la maradhi yanayompata mwanamke baada ya kuzaa. Katika maelezo ya jadi, amakiro hutokana na uzinzi wakati wa ujauzito, na mama aliyeshikwa nayo huogopwa kwamba anaweza kumla mwanawe. Kichwa cha makala hayo kiliishia kwa alama ya kuuliza: je, hii ni wazimu wa baada ya kujifungua kwa sura ya Uganda? Mwaka 1983 alichapisha ulinganisho wa sonona kwa wanawake wa Afrika na wa Uskoti. Kipimo cha Edinburgh kilifuata miaka minne baadaye.

Mtaalamu huyu alikutana na lugha kabla ya kutunga kipimo, na swali lake la kwanza lilikuwa swali la kamusi: neno hili la Kiganda linataja kitu gani? Katika mafunzo ya leo mpangilio umegeuka. Mwanafunzi hupewa kipimo kwanza, kikiwa kimekamilika, kisha huachwa ayatafute maneno ya akina mama mwenyewe.

Watafiti kadhaa wameifuata njia ya Kasangati. Paul Bolton na wenzake, katika kazi yao ya Rwanda baada ya mauaji ya kimbari, walianza kwa kuwauliza wananchi majina ya matatizo yao, wakapata maneno kama agahinda na guhahamuka. Kusini mwa Uganda walipata okwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubagiza, yaani kujihurumia, na mwaka 2003 wakachapisha matokeo ya tiba ya kikundi iliyojengwa juu ya majina hayo. Jijini Dar es Salaam, Sylvia Kaaya na wenzake walichapisha mwaka 2008 chombo cha vipengele 19 kilichotengenezwa nchini Tanzania. Hawa wote ni madaktari na watafiti wa afya ya jamii. Sisi wa idara za Kiswahili tuko umbali wa mita chache kutoka ofisi zao, katika vyuo vilevile, na kwa kiasi kikubwa tumewaachia kazi ambayo ni yetu pia.

3. Masomo, mafunzo kwa vitendo na usajili

Njia rasmi inaeleweka upesi. Ni shahada ya kwanza ya saikolojia, kisha shahada ya umahiri katika saikolojia tiba, pamoja na mafunzo kwa vitendo chini ya msimamizi. Usajili hutofautiana: Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, na kila nchi nyingine ya jumuiya ina utaratibu wake, uliokomaa au unaoendelea kukomaa. Anayetaka kujikita katika uzazi hufanya hivyo kupitia tasnifu yake, kozi fupi, na vyama vya kitaaluma kama Marcé, kilichoundwa mwaka 1980 na kupewa jina la Louis-Victor Marcé, daktari Mfaransa aliyeandika kitabu kuhusu wazimu wa wajawazito na wazazi mwaka 1858.

Ugumu uko mahali mafunzo kwa vitendo yanapofanyika. Mwanafunzi akipelekwa katika hospitali ya akili, iwe Butabika, Mathari, Mirembe au Ndera, humwona mzazi ambaye ugonjwa umekwisha kumfikisha pabaya. Lakini sonona ya uzazi haikai huko. Inakaa katika foleni ya kliniki ya wajawazito, imeshika kadi, inangoja kupimwa uzito. Mradi wa afya ya akili ya uzazi ulioanzishwa Cape Town mwaka 2002, katika hospitali ya wazazi ya Mowbray, ulilitambua hilo mapema: uchunguzi na ushauri nasaha viliwekwa palepale mama anapokuja kupimwa mimba.

Kuna pia mabadiliko katika kazi yenyewe. Utafiti wa Atif Rahman na wenzake nchini Pakistani, uliochapishwa mwaka 2008, ulionesha kwamba wahudumu wa afya wa vijijini wakifunzwa vizuri wanaweza kuwatibu akina mama wenye sonona kwa mazungumzo, na Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa mbinu hiyo mwaka 2015. Maana yake kwa mwanasaikolojia wetu ni kwamba, kwa kuwa wenzake ni wachache mno, sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi ataitumia kuwafunza na kuwasimamia wauguzi, wakunga na wahudumu wa afya ya jamii. Atawafunza kwa lugha gani? Atawaandikia maswali kwa maneno yapi? Kazi hiyo, kwa asili yake, ni ya kutafsiri.

4. Kipimo kinapoingia katika Kiswahili

Kwanza itambuliwe kwamba kipimo cha Edinburgh kilitungwa kijazwe na mama mwenyewe, kimyakimya, kwa kalamu. Katika vituo vingi vya kwetu kinasomwa kwa sauti. Mama anaweza kuwa amekaa benchi moja na mama mkwe wake, na muuliza maswali akawa binti wa umri wa mdogo wake. Maandishi yamegeuka kuwa mazungumzo, na mazungumzo yana adabu zake. Muuguzi kijana hawezi kumwambia mwanamke wa makamo "wewe" huku akimwuliza kama analia, wala mama hawezi kumjibu mtoto wa watu kwamba nyumbani kumemshinda.

Kipengele cha sita ni mfano unaofahamika wa ugumu wa maneno yenyewe. Katika Kiingereza kinatumia taswira ya mambo kumpanda mtu juu. Tafsiri sisisi ya nahau hiyo haiishii kuwa mbovu tu. Inaelekeza pengine kabisa, kwa kuwa katika Kiswahili anayempanda mtu ni pepo. Aliyepandwa na mashetani hapelekwi kliniki. Watafsiri wengi wangekimbilia "nimezidiwa", na hapo wangeangukia shimo jingine: mgonjwa aliyezidiwa ni mgonjwa ambaye hali yake ya mwili imekuwa mbaya. Mzazi aliyetoka damu nyingi baada ya kujifungua angejibu kwamba ndiyo, alizidiwa, na angekuwa anasema kweli kuhusu jambo lisiloulizwa. "Mambo yamenilemea" inafaa zaidi. Kitenzi lemea kinabakiza uzito wa mzigo bila kuingiza pepo wala homa.

Neno uchungu lina tatizo la aina hiyohiyo. Ni ladha ya shubiri, ni huzuni ya moyo, ni hasira iliyochanganyika na maumivu, na ni maumivu ya kuzaa. Nje ya hospitali muktadha hutenganisha maana hizi bila shida. Ndani ya wodi ya wazazi muktadha wote unaelekeza upande mmoja, na swali "una uchungu?" litajibiwa kwa kuhesabu dakika kati ya maumivu. Kinyume chake, mama anayesema wiki tatu baadaye kwamba "bado nina uchungu" anaweza kupewa dawa ya kutuliza maumivu ya tumbo.

Lakini kipengele kinachostahili kuangaliwa kwa makini kuliko vyote ni cha tatu. Kinamwuliza mama kama amejilaumu pasipo sababu mambo yalipokwenda vibaya. Kwa macho ya mtafsiri sentensi hii ni nyepesi: kila neno lina kisawe chake. Ugumu wake umejificha katika yale maneno "pasipo sababu", kwa kuwa yanachukulia kwamba mama na mtunga swali wana mizani moja ya kupima sababu.

Tuchukue mfano wa mama ambaye mtoto wake wa miezi minne amedhoofika, hanenepi, anaharisha. Majirani wanasema mtoto amebemendwa. Kitenzi bemenda, kinachojulikana vema pwani na sehemu nyingi za Tanzania, humaanisha kumdhuru mtoto mchanga kwa wazazi kukutana kimwili kabla ya wakati, au kwa mmoja wao kutoka nje ya ndoa wakati mtoto ananyonya. Ni neno zito. Linaeleza ugonjwa na papo hapo linatoa hukumu. Umbo la kutendwa, amebemendwa, linamficha mtenda katika sarufi, lakini kijijini kila mtu anamjua. Na mara nyingi kidole huelekezwa kwa mama kuliko kwa baba.

Mama huyu halali. Anajilaumu usiku na mchana. Muuguzi anamwuliza: "Katika siku saba zilizopita, umejilaumu pasipo sababu mambo yalipokwenda vibaya?" Anajibu, "Hapana." Hajadanganya. Amejilaumu, ndiyo, lakini si pasipo sababu. Sababu amepewa na jamii yake nzima, na ina jina katika kamusi. Jibu hilo linampa alama 0 mahali alipostahili 3. Katika kipimo ambacho kikomo chake cha kawaida ni kati ya 12 na 13, alama tatu zinatosha kumrudisha nyumbani akiwa ameandikwa kwamba ni mzima.

Kosa hili halitoonekana kwa njia ya kawaida ya kukagua tafsiri, ile ya kuirudisha tafsiri katika lugha ya asili na kulinganisha. Sentensi ikirudishwa katika Kiingereza itarudi salama kabisa. Kinachopotea si maana ya maneno, ni kile ambacho maneno yanakichukulia kuwa kinajulikana. Wanapragmatiki wanalo jina la jambo hili, nao ni wataalamu wa idara zetu. Naona kwamba kipengele hiki kigawanywe: kwanza mama aulizwe kama amekuwa akijilaumu, pasipo kutaja sababu, kisha aulizwe ni kwa jambo gani. Neno bemenda au amakiro likitokea katika jibu la pili, muuliza maswali atakuwa amepata taarifa ambayo kipimo cha awali hakikuweza kuipokea. Mgawanyo huo ukifanywa, alama zitabidi zipimwe upya mbele ya uchunguzi wa daktari, kwa kuwa kikomo cha 1987 kilipatikana kwa maneno ya 1987.

Kipengele cha kumi kinahusu wazo la kujidhuru. Katika Kiingereza ni tasfida ambayo kila mtu anajua inachofunika. Katika Kiswahili, kujidhuru ni neno la vitabuni. Mama anaweza kulielewa kuwa ni kunywa dawa za kienyeji bila ushauri, au kufanya kazi ngumu kabla ya arobaini kwisha. Neno la wazi, kujiua, linatisha kwa namna nyingine: sheria za adhabu tulizorithi kutoka enzi za ukoloni zilihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Nchini Kenya, kifungu cha 226 kilichosema hivyo kilitamkwa na Mahakama Kuu mwezi Januari 2025 kuwa kinapingana na Katiba. Mama anayeulizwa na mtumishi wa serikali mwenye karatasi na kalamu ana haki ya kusita. Na yule aliye hatarini kweli mara nyingi husema kwa njia yake: natamani nilale nisiamke, nimechoka na dunia, mtoto angepata mtu mwingine wa kumlea. Mwanasaikolojia aliyefunzwa kusubiri neno moja la kitabuni atazisikia sentensi hizi tatu kama malalamiko ya uchovu.

5. Kutoka na kutoa

Sehemu ya uzazi inayohusu mimba zisizofika mwisho ina mtego mdogo wa kimofolojia wenye madhara makubwa. Kiingereza cha kitabibu kina neno moja kwa mimba iliyotoka yenyewe na mimba iliyotolewa, kisha huongezewa kivumishi ili kutofautisha. Kiswahili hakikubali uvivu huo. Mimba imetoka, mimba imeharibika: hapa mimba ndiyo kiima, na mwanamke hana kosa. Ametoa mimba, ameharibu mimba: hapa yeye ndiye mtenda, na sentensi ni shtaka. Kati ya toka na toa kuna konsonanti moja.

Mtaalamu aliyesoma kwa Kiingereza, akijaza fomu ya historia ya uzazi kwa haraka, anaweza kumwuliza mwanamke aliyepoteza mimba tatu "ulitoa mimba mwaka gani?" Fomu itajazwa. Mwanamke hatarudi. Kwa upande mwingine, aliyetoa mimba kweli, na anayesumbuliwa nayo, huchagua sentensi yenye kiima kinachomsitiri: "ilitoka". Msikilizaji mzuri huacha sarufi hiyo ifanye kazi yake ya kusitiri hadi mwanamke mwenyewe atakapokuwa tayari kuibadilisha.

6. Kiswahili kipi?

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba Kiswahili ni kimoja. Sivyo, na hasa si kwetu huku nchi jirani. Katika sehemu za Uganda, Kiswahili kimebeba kwa miongo mingi kumbukumbu ya kambi za jeshi na vizuizi vya barabarani. Mwanamke wa Buganda aliyezoea kukisikia kikitoa amri hatakifungulia moyo wake kwa urahisi, hata kama anakielewa. Huyo aulizwe kwa Kiganda. Lakini katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Kyangwali na Kyaka II wako maelfu ya wanawake kutoka mashariki mwa Kongo ambao Kiswahili ndicho lugha yao ya kila siku, nacho ni Kiswahili cha kwao. Wao husema kuzala, si kuzaa. Maumivu yao ya ndani hukaa rohoni zaidi kuliko moyoni. Neno sonona, ambalo Tanzania imelizoesha kwa miaka sasa, kwao ni geni.

Sonona yenyewe ni chaguo zuri. Kitenzi chake kilikuwamo katika lugha kwa maana ya kuumia moyoni kabla ya hospitali kukihitaji. Inashindana na unyogovu, mfadhaiko na msongo wa mawazo, na ushindani huo si mchezo wa istilahi tu, kwani baadhi ya maandishi hutumia msongo wa mawazo kwa jambo ambalo daktari angeliita sonona, na mengine hulitumia kwa shinikizo la kawaida la maisha. Nina maoni kwamba istilahi moja sanifu inahitajika kwa ripoti, sera na vitabu vya kufundishia, na kwamba istilahi hiyohiyo isitumike kabisa katika swali analoulizwa mama. Mama aulizwe kwa maneno yake: una mawazo mengi? Usingizi unakuja? Roho inakuuma? Kamati za usanifishaji hazipendi kuambiwa kwamba istilahi yao ina mahali isipofaa kwenda, lakini hapa ndipo mahali hapo.

7. Mtaalamu mbele ya hakimu

Hatua moja ya njia hii haizungumzwi sana. Sheria za adhabu za Kenya, kifungu cha 210, na za Tanzania, kifungu cha 199, zinamtofautisha mama aliyemwua mtoto wake wa chini ya miezi kumi na miwili na muuaji wa kawaida, ikiwa wakati wa tendo akili yake ilikuwa imevurugika kwa sababu hajapona athari za kuzaa au za kunyonyesha. Dhana hii ilitoka katika sheria ya Uingereza ya miaka ya 1920 na 1930. Ili mama aipate nafuu hiyo, mtu mwenye utaalamu huhitajika kueleza akili ilivurugika vipi na kwa nini, na mwanasaikolojia wa uzazi ni mmoja wa wanaoweza kuitwa.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya mahakama nchini Tanzania kwa mujibu wa sheria. Ripoti ya mtaalamu sasa inaweza kuhitajika kwa Kiswahili, na ndani yake lazima atenganishe mambo ambayo lugha ya kila siku inayachanganya chini ya neno kichaa: sonona nzito, wazimu wa ghafla wa siku za kwanza baada ya kujifungua, kifafa cha mimba ambacho ni ugonjwa wa mwili, na degedege ambalo watu hulihusisha na pepo. Akiandika "mshtakiwa alikuwa na msongo wa mawazo", ameandika neno ambalo hakimu mwenyewe hulitumia kueleza foleni ya magari. Hukumu inaweza kusimama juu ya neno hilo.

8. Nafasi ya idara za Kiswahili

Kinachohitajika si kikubwa. Kozi ya nusu muhula katika shahada ya umahiri ya saikolojia tiba, ikifundishwa kwa pamoja na idara ya lugha, ingetosha kumpitisha mwanafunzi katika vipengele kumi vya Edinburgh kimoja baada ya kingine, akiwaeleza akina mama watano au sita kila swali na kuwaomba waseme, kwa maneno yao, wameulizwa nini. Zoezi hilo hufichua tatizo la kipengele cha tatu ndani ya asubuhi moja. Nimeketi katika vikao vya tafsiri ambamo meza nzima ilikuwa na shahada za uzamivu na hapakuwa na mwanamke hata mmoja aliyejifungua mwaka ule. Sentensi zilitoka safi, na hapakuwa na wa kusema kwamba hazieleweki.

Tasnifu za umahiri katika idara zetu zinaweza pia kukusanya semi za dhiki za wajawazito na wazazi, lahaja kwa lahaja, kuanzia Mombasa hadi Bukavu, pamoja na majina ya maradhi yanayohusishwa na uzazi: kubemenda, chango, amakiro na mengineyo. Kila ingizo lioneshe maana, nani hulitumia, nani hulaumiwa linapotumika, na muuguzi alisikiapo aulize nini baadaye. Safu ile ya tatu, ya anayelaumiwa, haimo katika kamusi zetu za sasa, nayo ndiyo mwanasaikolojia ataihitaji kwanza.